Mkono Mwepesi

...na polepole hivi, kiganja kimoja juu ya bega, kingine chini ya kiwiko, nausukuma mfupa chini kidogo ndipo niinue mkono, maana ukiinua tu unabana, nimewafanyia wagonjwa wangapi hivi, ila huyu ni Mama, amelala kwenye kitanda changu cha kazi na gauni lake la kutokea kama amekuja kututembelea, nimemwambia ukisikia maumivu sema "basi", nitaacha hapo hapo, na hajasema hata siku moja, anasema "Endelea tu, mwanangu," kisha anapaza sauti wa nyuma ya pazia wasikie, "Mwanangu huyu ana mkono mwepesi!" na dereva anayenyooshwa goti kule anadakia, "Tubadilishane, mama, mimi huku nang'olewa!" wanacheka, nami nacheka, lakini vidole vya miguu yake vimejikunja ndani ya soksi, nimeviona, jana bega halikumpa usingizi, hata hilo nimelisikia kwa jirani yake, na ni kwa sababu nilisukuma kupita kiasi, nitajuaje mwisho wake uko wapi kama anauficha, na kaka naye kashasema, mtu asiyeweza kupandisha zipu ya gauni lake haishi peke yake, Mama atahamia kwake, ile nyumba yake tutaipangisha, na Mama kwa ile nyumba, kwa jiko lake na kile kiti chake kibovu cha mlangoni, yuko radhi nimvunje... hapa, hapa pamekaza, nabaki hapa, siongezi, natazama dirisha, mbona natazama dirisha, mgonjwa hutazamwa usoni, ndiyo kazi yenyewe, ila uso huu siuwezi... na yeye alikuwa akitazama ukuta, nilipotolewa plasta ya mkono uliovunjika, niko darasa la pili, kiwiko kimegoma kunyooka, kila asubuhi kabla ya shule ananikalisha, kitambaa cha maji moto, mkono wangu juu ya goti lake, ananyoosha, mimi napiga mayowe, naye kageuzia uso ukutani, nikajua kanichoka, miaka yote hii nimejua hivyo, kwamba asubuhi zile Mama hakuwa na huruma... na ukuta ule haukuwa na kitu, Mama, hata kalenda haukuwa nayo, ulikuwa unatazama nini, ulikuwa unalia, ulikuwa unalia na hukutaka nione, kama mimi sasa, dirisha silioni tena, maji matupu, lakini mimi nageuka, nageuka hivyo hivyo na machozi yangu, mkono wake uko pale pale, haujapanda hata kidogo, ananitazama wala hashangai, "Inauma, Mama?" na dereva huko analalamika, mtu anaburuta kiti, "Inauma, mwanangu," anasema chini chini, safari hii si kwa ajili ya pazia, "inauma sana, basi," nami naacha, kiganja sikiondoi, vidole vyake vya miguu vinakunjuka kimoja kimoja, sasa najua tutaanzia wapi.