Kadi Ishirini na Mbili za Baba

Siku Fundi alipopigwa na kiharusi, binti yake wa mwisho alikuwa mita ishirini juu ya ardhi, ndani ya kibanda cha kreni, akishusha kontena kwenye trela. Kazini walimwita Mwewe, kwa kuwa kutwa alikaa juu akiwatazama wenzake kama vifaranga. Aliomba ruhusa ya wiki mbili akamuuguze baba yake. Sasa ulikuwa mwezi wa kumi na nne, na mahali pa juu kabisa alipopafikia tangu siku ile ni kwenye stuli, alipobadilisha balbu ya sebuleni.

Sebuleni ndimo baba alimoshinda, kwenye kiti cha mikono kilichoelekezwa dirishani. Cherehani yake ilikuwa imesukumwa ukutani na kufunikwa shuka. Miaka arobaini aliwashonea watu nguo, na ulimi wake ulikwenda kasi kuliko sindano; wateja walisema Fundi hata akiwa na pini sita mdomoni hakosi la kusimulia. Kiharusi kilimchukulia mkono wa kulia, mguu wa kulia na maneno yote isipokuwa moja. Lililobaki lilikuwa "bado."

Mwanzoni walilichekea. "Baba, umeshiba?" "Bado." Mwewe akamwongezea chakula, mzee akaisukuma sahani. "Nizime redio?" "Bado." Akaiacha, mzee akakasirika mpaka mate yakamchuruzika. Bado ilikuwa ndiyo, ilikuwa hapana, ilikuwa maji, ilikuwa mgongo unaniuma. Tangu asubuhi mpaka jioni Mwewe alibahatisha, kama mtu mwenye fungu la funguo na kufuli moja.

Kutoka nje ilikuwa kazi nyingine. Mzee hakuweza kuachwa peke yake. Mara moja aliachwa akakutwa sakafuni, shavu limebanwa na mguu wa meza. Jumanne na Ijumaa jirani yao Mama Pacha alikuja kukaa naye nusu saa. Nusu saa ilitosha kufika sokoni na kurudi mbio, mradi usikutane na mtu wa kukusalimia. Mwewe akaanza kuwakwepa watu anaowapenda.

Kaka yake, mtoto wa kwanza, aliishi mji mwingine, mwendo wa saa tatu kwa gari. Alipiga simu kila Jumapili.

"Wewe ndiye unayemwelewa baba," alisema. "Mimi nina mke, nina watoto. Mvumilivu hula mbivu, mdogo wangu."

"Zikingojewa sana zinaoza, kaka."

Kaka akacheka, akadhani ni utani.

Ushauri wa kadi ulitoka kwa muuguzi wa zahanati. "Mchoree picha," alimwambia Mwewe. "Kila anachohitaji kiwe na karatasi yake. Aonyeshe kwa ule mkono mzima."

Jambo hilo halikuwa geni kwake. Kwenye kreni mtu wa chini humsikii; unamsoma mikono tu, kiganja juu, ngumi, simama. Akakata karatasi ya manila, akachora bilauri ya maji, choo, kitanda, dirisha, redio, mgongo wenye mshale mwekundu. Akabandika na picha za uso: ya kwake, ya kaka, ya Mama Pacha. Zote zikawa ishirini na mbili.

Hazikumaliza siku tatu. Mate yalizilowesha, chai ikazimwagikia, na kidole cha mzee kilizikandamiza kama kinataka kuzitoboa. Kadi ya choo ilichanika katikati asubuhi aliyoihitaji kuliko zote, na Mwewe akafua mashuka hadi adhuhuri. Akachora upya. Zikaharibika tena.

"Si uzipeleke mjini zikavikwe nailoni?" Mama Pacha aliuliza Ijumaa moja. "Kuna mashine pale kwa wapiga picha."

"Mjini ni saa nzima kwenda tu. Wewe una nusu saa."

"Basi zivike hapa hapa. Pasi si unayo?"

Mwewe alianza na selotepu pana. Aliipanga mistari juu ya karatasi, lakini iliingiza hewa, ikafanya malengelenge, na kwenye maungio maji yakapenya. Siku iliyofuata alichukua mifuko angavu ya kuwekea karatasi za faili, akaikata, akaingiza kadi katikati ya tabaka mbili za nailoni, akaiwasha pasi juu ya meza ya baba ya kunyooshea nguo.

Mzee alikuwa kitini pake, anatazama. Mwewe alipoishika pasi tu, akaanza. "Bado."

"Subiri, baba."

"Bado. Bado."

Akaishusha pasi. Nailoni ikanywea, ikajikunja, ikang'ang'ania chuma. Moshi wenye harufu kali ukajaa chumba. Akaikwangua pasi kwa kijiti, akajaribu ya pili akipitisha pasi haraka haraka kama mtu anayenyoosha shati. Ikavutika ikawa kamba. Nyuma yake sauti haikukoma: bado, bado, bado, na mkono wa kushoto ukigonga mbao ya kiti.

"Bado nini?" Mwewe aligeuka na pasi mkononi. "Maji? Umekunywa. Choo? Umetoka sasa hivi. Mimi niko humu ndani mwaka na zaidi, baba, sijui unataka nini na wala sijui mimi nataka nini. Ninyamazie kidogo."

Mzee akanyamaza. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu augue. Alikivuta kwa mkono wa kushoto kitambaa cha pamba kilichokuwa begani mwake, kile cha kufutia mate, akakirusha. Kikaanguka mezani, nusu juu ya kadi.

Mwewe alikitazama. Akamtazama baba. Mzee akanyoosha kidole kwenye swichi ya pasi na kukishusha chini.

"Nipunguze moto?"

Akapunguza. Akachukua kitambaa kingine safi, kikavu, akakitandika juu ya kadi. Halafu akasukuma kiti, mzee na vyote, mpaka kando ya meza. Mkono wa kushoto wa Fundi ukaja juu ya wake, mzito, wa moto, ukaikandamiza pasi katikati ya kitambaa na kuizuia pale. Usipitishe, ulisema ule mkono. Kandamiza. Mwewe alipotaka kuinua, mkono ukakataa.

"Bado," baba alisema.

Wakangoja.

"Bado."

Kisha mkono ukalegea, wakainua pamoja, wakasogeza pasi kutoka katikati kuelekea ukingoni ili hewa itoke, wakakandamiza tena. Wakageuza upande wa pili. Mwewe alipotaka kuifunua ikiwa moto, akapigwa kofi dogo mkononi. Akaiwekea ubao mzito juu, wakaiacha ipoe. Walipoifunua ilikuwa imenyooka, ngumu, inang'aa, na bilauri ya maji iliyochorwa ilionekana kama iko nyuma ya kioo. Akaipunguza kingo kwa mkasi, akiacha nailoni upana wa kidole kuzunguka karatasi ili maji yasipate mlango, akaviringisha pembe zisimchome. Kisha akaitumbukiza kwenye beseni. Ikatoka kavu ndani.

Mzee alitikisa kichwa, kwa namna ileile aliyokuwa akiwatikisia wanagenzi wake: si vibaya, endelea. Walimaliza ishirini na mbili kwa siku nne. Ulikuwa umepita muda mrefu Mwewe hajafanya kazi na mtu, na jioni ya siku ya nne alilala bila kufikiri chochote.

Lakini furaha hiyo, kama ya mfungwa siku ya kuoga, haikudumu. Sasa Fundi alikuwa na maneno ishirini na mawili, na mtu aliyekaa kimya mwaka mzima ana mengi ya kusema. Kadi ngumu ilipogongwa kwenye mbao ya kiti ililia ta, ta, ta. Maji. Dirisha. Fungua. Funga. Mgongo. Redio. Mwewe akiwa jikoni, ta ta ta. Akiwa anaoga, ta ta ta. Akiwa na kijiko mdomoni. Zamani aliweza kujifanya hajaelewa. Sasa hata huo upenyo ulizibwa.

"Umeona?" kaka alisema Jumapili. "Nilijua utapata njia. Hakuna kama wewe."

"Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, kaka."

"Usiseme hivyo," kaka alisema, akahamisha mazungumzo.

Barua ililetwa Jumatano. Ilitoka bandari ya makontena, bahasha ina muhuri wenye picha ya kreni. Nafasi yake imeshikwa kwa muda, walisema; asiporipoti kabla ya mwisho wa mwezi ujao, wataajiri mwingine. Mwewe aliisoma amesimama. Akaisoma tena. Akaiweka pamoja na bahasha mezani, kando ya kiti cha baba, na kwenda kusugua sufuria ambayo ilikuwa safi.

Ta, ta, ta.

Alirudi akifuta mikono. Tangu augue, baba hakuweza kusoma. Herufi kwake zilikuwa siafu. Lakini picha aliijua. Bahasha ilikuwa mapajani mwake. Alijigonga kifua kwa kidole, akaweka kadi ya kitanda, na juu ya kitanda akaweka uso wa kaka. Kisha akautafuta uso wa Mwewe kwenye fungu, akauweka mbali na nyingine, juu ya ile kreni.

Mwewe alikaa sakafuni.

"Unataka kwenda kwa kaka? Kulala huko, mimi nirudi kazini?"

"Bado," baba alisema, na kidole chake kikagonga kadi zilezile, kwa mpangilio uleule.

Alipiga simu palepale ingawa haikuwa Jumapili. Kaka alisikiliza mpaka mwisho.

"Nipe baba nizungumze naye," alisema.

Mwewe akamwekea mzee simu sikioni, akaacha sauti wazi. "Baba," kaka aliuliza, "unataka kuja kukaa huku kwangu?"

Uso wa mzee ulijikunja kwa juhudi. Mishipa ilimtoka shingoni.

"Bado," alisema. "Bado. Bado."

"Umesikia?" kaka akasema. "Mwenyewe anasema bado."

"Kaka, hilo ndilo neno lake pekee. Unajua."

"Nimesikia kwa masikio yangu. Tusimlazimishe mzee. Akiwa tayari atasema."

Simu ikakatika. Mwewe alibaki ameishika, na baba yake alikuwa akimtazama kwa macho ya mtu aliyeuza nyumba kwa bahati mbaya. Akafumba mdomo, na siku mbili nzima hakulitamka tena neno lake.

Kaka alikuja wiki ya pili yake, Jumamosi, na matunda kwenye mfuko na saa ya kuondoka mdomoni. Alimpa baba mkono, akamsifia rangi, akaketi. Fundi hakungoja. Aliweka kadi kwenye goti la mwanawe: kidole kifuani, kitanda, uso wa kaka.

"Anacheza karata," kaka alisema, akacheka, akazirudisha fungu moja.

Mzee akaziweka tena. Kitanda. Uso.

"Baba, nitakuja tena karibuni."

Akaziweka tena. Kaka alimtazama Mwewe amsaidie, kama alivyozoea kumtazama tangu utotoni kila alipovunja kitu. Mwewe alikuwa dirishani na hakusogea. Alikuwa ameamua hatatafsiri hata neno moja.

Mara ya tano kaka aliishika ile kadi yenye uso wake na kuikunja kwa nguvu katikati, pengine bila kukusudia. Ikajikunjua yenyewe. Akaiweka chini, na mzee akaiokota, akaifuta kwenye shati lake, akaiweka palepale gotini.

"Nyumba yangu ina ngazi," kaka alisema, safari hii kwa sauti ndogo.

"Chumba cha chini mnaweka nini?" Mwewe akauliza.

"Vitu."

"Baba hahitaji nafasi kubwa kuliko vitu."

Kaka hakuondoka saa aliyosema. Alimpigia mkewe akiwa uani, akizunguka zunguka, na Mwewe hakwenda kusikiliza. Aliporudi alikuwa amechoka kama mtu aliyebeba mzigo ambao bado hajaubeba. Miezi mitatu, alisema. Miezi mitatu kwake, miezi mitatu kwa Mwewe, na kila mmoja asimwonee mwenzake. Mwewe alikuwa na mengi ya kujibu juu ya ile miezi kumi na minne. Akayameza, akasema, "Haya."

Walimpakia mzee kwenye gari wiki iliyofuata, kadi zikiwa kwenye mkoba shingoni. Mwewe alimfunga mkanda. Baba alimshika kidole gumba, akakiachia mwenyewe.

Bandarini walimpokea, lakini si kwenye kiti chake. Alipewa zamu za kuwashikia wenzake wakiwa likizo, kwa kuwa hakuweza kuahidi mwaka mzima. Akakubali. Asubuhi ya kwanza alipanda ngazi hatua mia na kumi. Juu kulikuwa na upepo, na uwanja wote, na barabara inayokwenda mbali hadi inapotea. Alikaa akashika vyuma. Mtu wa chini akanyanyua kiganja.

Wakati wa mapumziko aliteremka, akakuta simu saba za wifi yake. Alipiga hapohapo.

"Hakuna ubaya," wifi alisema, anahema. "Anagonga tu. Nampa maji hataki, nafungua dirisha hataki. Wewe ulikuwa unafanyaje?"

"Nilikuwa naenda, wifi. Akigonga, nakwenda."

"Kila mara?"

"Kila mara."

Nyuma ya wifi, Mwewe alisikia ile sauti, ta, ta, ta, na miguu yake ikaondoka yenyewe kabla hajaiambia. Alijikuta ameshatembea nusu ya njia ya geti. Akasimama pale juani, katikati ya makontena, simu sikioni. Zilikuwa zimebaki siku themanini na sita za ile miezi mitatu ya kaka. Kengele ya zamu ikalia, akageuka, akarudi kwenye ngazi.