Sahani ya Kifaranga Mdogo

Mdomo wangu huu utakuja kuniponza. Umeshaniponza, kwa kweli, tena mbele ya watu laki tatu.

Natengeneza video za mtandaoni. Nachukua vipindi vya watoto tulivyokua navyo, nawaonyesha watu balaa lililojificha humo. Watu wanapenda kutishwa na vitu walivyovipenda. Usiniulize kwa nini. Wiki iliyopita nikakishukia kipindi cha Mama Kobe, kile cha vikaragosi, kobe anayelea vifaranga watatu wa bata. Shangazi yangu ndiye aliyevishona, na sauti ya Mama Kobe ilikuwa yake. Ningeweza kumuuliza, anakaa mtaa wa pili tu. Sikumuuliza. Niliogopa atanipa jibu la kawaida, video ikose utamu.

Nikasema: oneni, kifaranga mdogo anatoweka ghafla, hatajwi tena, lakini mezani sahani za vifaranga bado ni tatu! Kwa nini? Kwa sababu Mama Kobe kamuua, jamani, na anajifanya hajui. Nikaweka na muziki wa kutisha. Watu wakachachamaa, nami nikavimba kichwa.

Jana Shangazi akaniita. Nilimkuta kwenye cherehani, simu yake kaiegemeza kwenye kopo la vifungo, video yangu kaisimamisha katikati.

"Kaa, mwanangu." Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonimaliza. "Yule mdogo, aliyekuwa akimsemea ni kaka yako."

Nilijua kaka yupi. Shangazi alipata mtoto mmoja tu, homa ikamchukua kabla sijazaliwa, na nyumbani kwetu hatajwi.

"Studio walitaka kuleta mtoto mwingine wa kumsemea, nikakataa," akasema. "Sahani nikawa naiweka mwenyewe. Bosi aliniona, akaniacha niendelee."

Mungu wangu! Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mimi nimemwita mama wa watu muuaji, kisha nikahesabu waliopenda. Nikatoa simu.

"Naifuta, Shangazi. Naifuta sasa hivi, nisamehe."

"Ole wako!" Akanidaka mkono. "Studio walishafuta kanda zote. Sijamsikia tangu nimzike." Akairudisha video nyuma, hadi pale kifaranga anapocheka. "Ila hapa sauti yako imeifunika yake. Huwezi kujitoa, abaki yeye peke yake?"

Sikuweza. Kanda niliyoazima kwa jirani ilicheza mara moja tu, mashine ikaitafuna. Na mimi, kwa uvivu wangu, nilirekodi kwa simu mbele ya televisheni huku nikibwabwaja. Nikamweleza hivyo hivyo, macho sakafuni.

"Haya," akasema. "Basi tutasikiliza hivyo."

Akainama, sikio karibu kabisa na simu, akabonyeza. Kicheko kikaanza kwa mbali, na juu yake sauti yangu ikajaa chumba kizima: "Msikieni marehemu anavyocheka!"