Magunia Kumi na Nane ya Mwanahawa

Shoka la kwanza lilimpata mlinzi. Husseini alikuwa analenga kufuli la ghala, na Saidy, mlinzi, akaweka mkono wake katikati kama mtu anayeamini kwamba mkono wa mlinzi unaheshimiwa. Mfupa ulilia. Saidy akaketi chini akiutazama mkono wake, na watu wapata arobaini kutoka vijiji vya Mtawanya na Mahege wakampita wakiingia ndani.

Nilikuwa hatua kumi nyuma yao, nikipiga kelele wasimame. Hakuna aliyegeuka. Walikuwa wamenisikiliza jana yake, na yale niliyowaambia jana ndiyo yaliyowaleta.

Jana, baada ya swala ya alasiri, habari ilifika barazani kwamba mahakama imemtangaza Hilal kuwa mufilisi. Hilal ndiye mwenye mashine ya kukoboa mpunga hapa Kibiti. Madeni yalimzidi, na mahakama ikamteua mwanasheria, Bibi Yasmin, asimamie mali zake na kuwagawia wanaomdai. Watu wakanigeukia mimi. Nilisoma sheria ya biashara katika masomo ya jioni kwa miaka minne, mchana nikiwa karani bandarini, na hapa mjini karatasi ngumu huletwa kwangu.

"Feisal alimkopesha Hilal," niliwaambia, "na mkopo ule umefungwa kwenye mashine, ukasajiliwa. Mtu kama huyo huitwa mdai mwenye dhamana. Hilal amefilisika, lakini Feisal hapangi foleni. Anaishika mashine, anaiuza, anajilipa. Wengine watagawana kinachobaki."

"Na mpunga wetu uliomo ghalani, Mzee Mwinyimvua?" aliuliza Husseini, mkulima wa Mahege, mtu wa mabega mapana na maneno machache.

Jibu nilikuwa nalo. Mpunga ule haukuwa wa Hilal. Wakulima walimwekea tu, wakingoja bei ipande ndipo wakoboe, naye ujira wake ulikuwa pumba na shilingi kidogo. Mali ya watu iliyowekwa kwa mufilisi hubaki mali ya watu, na Feisal, pamoja na dhamana yake, hakuwa na ruhusa ya kugusa hata punje moja. Kuyasema hayo kungechukua pumzi mbili. Lakini baraza lilikuwa kimya, macho yote kwangu, nami nikatamani ukimya ule niukute tena kesho.

"Hilo ni somo la kesho," nikasema. "Sheria haimezwi kwa mkupuo."

Basi wakaenda kujijibu wenyewe.

Ndani ya ghala mlikuwa na magunia zaidi ya mia tatu. Kwetu magunia hayo hayaandikwi daftarini. Kila nyumba hushona mdomo wa gunia kwa uzi wake, na uzi huo hujulikana na kila mtu. Husseini hutumia utepe wa khanga nyekundu. Dada yangu Mwanahawa, mjane, hushona kwa uzi wa kijani wa nyavu, akimalizia kwa mafundo matatu kama alivyofanya mama yetu. Alikuwa na magunia kumi na nane mle ndani. Ndiyo yalikuwa chakula chake cha mwaka na mbegu yake ya msimu ujao. Hakuwa na kingine.

Mtu wa kwanza kutoka na gunia begani alikuwa Saadi, mdogo wake Husseini. Nikatazama mdomo wa gunia. Uzi wa kijani.

Mwanahawa naye aliuona. Alikuwa amekuja mbio kutoka sokoni, ushungi umeshuka mabegani.

"Saadi! Hilo langu! Tazama uzi, mwanangu!"

"Uzi wa nini leo, shangazi? Anayeweza kubeba na abebe! Tukichelewa yote ya Feisal!"

"Si ya Feisal!" nilipaza sauti. "Mpunga ni wenu! Sheria—"

"Ndiyo hilo somo la kesho?" mtu akacheka, na gongo likanipata mdomoni. Nilianguka kwa magoti. Nilitema meno mawili mavumbini.

Wakati huo lori la Feisal lilifika. Feisal aliteremka na wapakizi wanne wenye mitaimbo, kwa kuwa alikuja kuichukua mashine yake, akakuta mlango wa banda la mashine, ubavuni mwa ghala, umeng'olewa.

"Wezi wa mchana nyie! Mashine ile yangu kwa sheria!"

"Yako?" Husseini alisema. "Basi njoo uichukue vipande vipande."

Akaigeukia mashine. Alipiga kwa kisogo cha shoka mpaka mwili wake wa chuma ukapasuka, akakata mkanda, akatoboa tangi, na dizeli ikamwagika ikielekea ghalani. Mpakizi mmoja alimpiga mtaimbo mgongoni. Husseini akageuka bila haraka na kumvunja taya. Baada ya hapo sikuweza tena kusema nani alikuwa anapigana na nani. Wapakizi waliwapiga wakulima, wakulima wakawapiga wapakizi, kisha wakulima wakapigana wao kwa wao. Niliona watu wawili wa Mtawanya, majirani wa ukuta kwa ukuta, wakikabana koo juu ya gunia lenye utepe mwekundu, ambalo halikuwa la yeyote kati yao. Walipovutana, mapanga yalikata magunia. Mpunga ulimwagika, ukachanganyika na mwingine, na mwingine, hata na ule ambao Hilal aliununua mwenyewe. Watu wakateleza juu yake wakiumizana.

Mwanahawa alikuwa ameling'ang'ania lile gunia lake. Saadi alivuta, naye akavuta. Saadi akainua panga akakata shingo ya gunia, pale penye mafundo, na vidole vya dada yangu vilikuwa palepale. Viwili vilianguka ndani ya mpunga. Hakulia. Aliinama akawa anavitafuta kwa mkono wa kushoto, kama mtu anayechagua chuya.

Hapo Saadi aliangusha panga na kukimbia.

Polisi walipofika kulikuwa na majeruhi kumi na mmoja chini. Walimchukua Husseini akiwa amekaa juu ya chuma alichokivunja. Mchana Bibi Yasmin akaja, akasimama mlangoni, viatu vyake kwenye dizeli.

"Shikamoo, mzee wangu. Nani aliwaambia kwamba mpunga ni wa Feisal?"

"Hakuna aliyewaambia," nilisema, damu ikinitoka mdomoni. "Waliniuliza, sikuwajibu."

Akaanza kazi yake. Kila gunia lililobaki limefungwa kwa uzi unaojulikana alimkabidhi mwenye uzi huo papo hapo. Feisal alisimama karibu akihesabu vipande vya mashine yake. Rundo lililomwagika lilikuwa limelowa dizeli, na hata ambapo halikulowa, hakuna aliyeweza kuonyesha punje zake.

"Na mashine?" nilimuuliza.

"Chuma chakavu. Feisal atauza, atapata kidogo. Deni lililobaki atalidai kama wengine." Alifunga kalamu. "Jana alikuwa anasubiri mashine tu, nayo ingemtosha. Sasa ameingia kwenye foleni ya wale ambao Hilal hajawalipa mpunga alioununua kwao, na deni lake ndilo kubwa kuliko yao wote. Katika kila shilingi ya kugawana, yeye ndiye atakayechukua sehemu kubwa."

Husseini alikuwa miongoni mwa hao. Alikuwa ameisaga sehemu yake kwa shoka lake mwenyewe.

Magunia ya kijani tuliyoyapata yalikuwa manne. Gunia moja kati ya hayo lilikuwa limechanika ubavuni, na mpunga ulikuwa unachuruzika. Mwanahawa, mkono umefungwa bandeji ya zahanati, alitoa shazia, ile sindano nene ya kushonea magunia, na uzi kwenye pindo la khanga yake, akanipa.

"Shona, kaka. Mimi siwezi tena."

Nilishona. Mikono yangu imezoea kalamu, na kila pumzi iliniuma penye meno yasiyokuwepo. Nilipofika mwisho nilifunga.

Aliinama, akaligusa fundo kwa kidole cha kushoto.

"Umepiga mawili," alisema. "Fungua. Mafundo mawili ni ya watu wengine."

Nikafungua, nikaanza upya.