Bomba la Nyuma ya Nyumba

Wenzake kazini walimwita Spana, na jina likamganda. Alikuwa fundi bomba kwenye ujenzi wa mtambo wa kusafisha majitaka, pembezoni mwa mji uliokuwa ukitanuka kila kukicha huku visima vyake vikikauka. Mkewe alikuwa ameondoka na binti yao, wakaenda kuishi kwa dada yake, kwenye mji wenye mto. Hawakugombana. Mkewe alichoka tu na foleni za maji za alfajiri, na mgongo nao ukagoma.

"Siku maji yakifika nyumbani, nipigie," alisema akifunga begi.

Basi Spana akajenga. Alilaza mabomba, akakaza nati, akaingia ndani ya matangi yenye joto la tanuri kupaka rangi ya kuzuia kutu. Usiku alilala upande wake wa kitanda. Ule mwingine hakuugusa.

Mtambo ulipowashwa, maji yaliingia meusi upande mmoja, yakatoka maangavu upande wa pili. Hayakuwa ya kunywa. Yalikuwa ya bustani na vyoo, ili ya visima yabaki kwa ajili ya kunywa na kupikia. Yalipofika mtaani kwake, alifungua bomba la nyuma ya nyumba, akampigia mkewe simu.

"Mama, hebu sikiliza." Akaisogeza simu kwenye maji.

"Ndiyo hayo ya chooni?" mkewe akauliza, akaangua kicheko.

Moyo wa Spana ukaruka. "Yametakata kuliko mimi."

"Hilo nalo la kujisifia?"

Wakacheka wote. Kicheko kikaisha, yakabaki maji tu yakimwagika.

"Rudini," akasema.

"Baba, mtoto keshazoea shule huku. Na mimi nimepata kibanda cha kushonea. Wewe hukuchelewa. Maji ndiyo yamechelewa."

Spana akalifunga bomba. "Nimekuelewa."

"Shule zikifunga tutakuja. Kutembea tu, usije ukatangaza mtaa mzima."

Kesho yake mhandisi alimtaka abaki kuuendesha mtambo. Spana aliomba likizo ya shule ipite kwanza, ndipo atoe jibu. Jioni akalima kijibustani, akapanda nyanya na mchicha. Alimwagilia polepole, mpira mkononi, akijiuliza binti yake sasa anamfika wapi, kifuani au begani.