Maziwa ya Mgonjwa

Kuuguza kunachosha kuliko kulima. Ukilima, jioni unaona ulipofika. Letisia alianza kumuuguza mumewe Gerald mahindi yakiwa yanafika magotini; sasa mahindi yameshavunwa, yameshapukuchuliwa, na Gerald bado yuko kwenye mkeka nje ya nyumba yao pale Endasak, akiota jua kama mzee, na hata mvi hana.

Homa yenyewe ilikuwa na vituko. Inakuja, inamlaza, jasho linamtoka mpaka shuka linakamuliwa. Halafu inaondoka, anainuka, anashika jembe, majirani wanamshukuru Mungu. Wiki haijaisha, imerudi, na mgongo unauma, na viungo vinauma. Zahanati walimtibu malaria, wakamtibu homa ya matumbo, wakarudia malaria. Mama yake, Marieta, alikuwa akimkemea akijikaza. "Sema kinapouma, mwanangu. Mficha maradhi, kifo humuumbua."

Na ushauri haukupungua. Nchi hii ukiugua, hukosi daktari. Kwenye kundi la WhatsApp la jumuiya, mmoja alituma sauti ya mtu asiyejitaja jina akisema hiyo ni saratani ya damu. Mwingine alituma picha ya unga wa mizizi unaosafisha damu, na namba ya simu chini yake. Hermani, mdogo wake Gerald, akaipiga. Mwenye unga alikuwa anakaa Basotu, na alikuwa na sharti: mgonjwa aache kabisa dawa za hospitali. Hermani akasema Jumamosi atakuja na pikipiki amchukue kaka yake.

Letisia hakuwa na nguvu za kubishana. Alikuwa na hofu tu, kwamba Gerald ataondoka kwa pikipiki na kurudi ndani ya sanda. Kwa hiyo Ijumaa alipanda bodaboda mpaka Katesh, kwenye maktaba ndogo ya parokia alikokuwa akijisomea enzi za sekondari.

Mtunza maktaba, Perpetua, alikuwa na mafua na hamu ya kufunga mapema.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Saa nane nafunga."

Letisia akachukua kitabu kinene kuliko vyote kwenye rafu ya afya, kwa kuamini kwamba unene ndio elimu. Perpetua alikifungua ukurasa wa mwanzo, akamwonyesha mwaka.

"Hiki kimekuzidi umri. Maradhi ni yaleyale, lakini dawa zake nyingi zimeshaachwa. Kirudishe."

Letisia akatoa simu, akamwonyesha habari za unga.

"Huyu ni nani? Amesomea nini?"

"Sijui."

"Anauza kitu?"

"Unga."

"Basi huyo hakupi habari. Anakuuzia."

Wakakaa kwenye kompyuta. Mtandao ulikuwa unajikokota, na Letisia alisinzia mara kadhaa akiwa ameshika shavu. Perpetua alifungua kurasa za Wizara ya Afya, kisha za Shirika la Afya Duniani, na pembeni akaweka kitabu cha juzijuzi cha wahudumu wa afya wa vijijini. Aliandika dalili za Gerald kama Letisia alivyomtajia, bila kuongeza chumvi, akaacha yale ya saratani ya damu.

"Wasiokuuzia kitu wakikubaliana, hapo anza kusikiliza," alisema, akipenga kamasi. "Na hata hapo, kinachoamua ni kipimo. Mimi nimesomea kupanga vitabu."

Magonjwa yalipita moja baada ya jingine, kila moja likifanana kidogo na Gerald na kumkosa mahali. Kisha likaja moja liitwalo bruselosi. Homa ya kwenda na kurudi. Jasho. Mgongo na viungo. Hudhaniwa kuwa malaria. Huwapata wanaomhudumia ng'ombe aliyetupa mimba, na wanaokunywa maziwa mabichi.

Letisia akasoma tena, safari hii usingizi umemtoka wote.

Ng'ombe wa madoa wa Marieta alitupa mimba mvua zilipoanza. Gerald aliingiza mkono mpaka kiwiko, akamvuta ndama mfu, akanawa maji matupu. Bwana mifugo aliambiwa. Daktari hakuambiwa, wala hakuuliza. Ya ng'ombe hupelekwa kwa bwana mifugo, ya mtu hupelekwa zahanati. Nani mwenye akili angeyachanganya?

Na maziwa. Kwa Marieta, maziwa ya ng'ombe aliyepoteza ndama hayana mwenyewe, kwa hiyo ni ya mgonjwa. Nayo hayapiti motoni, maana yakichemshwa ng'ombe atakauka. Kila asubuhi Letisia ndiye aliyebeba kibuyu, akamwinua mumewe kichwa, akamwambia, "Kunywa, baba Rogathe, upate nguvu."

Alilia palepale. Alilia kwa uchungu wa mtu aliyejituma kwa moyo wote akakuta anabomoa.

"Usililie kompyuta yangu," Perpetua alisema, lakini alimpa kitambaa. "Hukujua. Nenda naye hospitali, uombe kipimo, uwaambie habari za ng'ombe. Usisubiri waulize."

Njia nzima kurudi Endasak Letisia alikuwa akitafuta namna ya kumwambia Marieta. Mama mkwe haambiwi kwamba amemlisha mwanawe ugonjwa. Alimkuta jikoni, kibuyu mapajani. Letisia akabandika sufuria.

"Mama, haya maziwa tuyachemshe."

"Ya yule wa madoa? Unataka akauke?"

"Huenda ndiyo yanayomrudishia homa. Tumekuwa tukimpa bila kujua." Akalitia nguvu lile "tumekuwa". "Tulimpa wote wawili, mama. Mimi ndiye niliyemnywesha."

"Nani kasema?"

"Wizara ya Afya imeandika, na kitabu cha parokia, na wakubwa wa afya wa dunia. Wote wanasema kitu kimoja."

"Wanamjua ng'ombe wangu?"

"Hawamjui. Lakini wamemweleza baba Rogathe kana kwamba wanalala naye chumba kimoja."

Gerald akauliza kutoka kwenye mkeka, sauti imekauka, "Kwa hiyo kesho siendi Basotu?"

"Kesho Hermani akija na pikipiki yake, anatupeleka hospitali."

Marieta alifungua kibuyu cha maziwa. Kisha akayamimina mwenyewe kwenye sufuria, akakaa kuyakoroga hata kabla hayajapata moto.

"Hilo jasho," akasema polepole, mwanawe asisikie. "Linampata na mtu wa umri wangu?"

Letisia akageuka. Akakumbuka kanga za Marieta zilizoanikwa uani kila asubuhi, ambazo alidhani ni usafi tu wa mama mkwe. Akakumbuka anavyoinuka siku hizi, mkono mmoja kiunoni.

"Tangu lini, mama?"

"Mumeo alikuwa hamalizi kibuyu. Anayobakiza nilikuwa nayanywa mimi, yasimwagike."

"Na hukuniambia!"

"Ulikuwa umechoka, mama Rogathe. Ningekuongezea mgonjwa wa pili?"

Letisia akakaa chini, kando ya mafiga. Hata nguvu za kulia hakuwa nazo tena. Maziwa yakaanza kupanda. Akanyoosha mkono, akapunguza kuni.

"Basi pikipiki haitatosha," akasema.