Rambirambi Kabla ya Msiba

Sheria ya grupu letu la WhatsApp niliiandika mimi mwenyewe: hapa ni nyimbo za gitaa za zamani tu, dini iachwe mlangoni. Watu wa Lubumbashi nawajua. Mkatoliki na mtu wa kanisa la uamsho wakianza kubishana kama aliyeokoka aruhusiwe kusikiliza rumba, hakuna atakayesikia gitaa tena.

Pasteur Gérard, mwenye chumba cha maombi katika mtaa wetu wa Kenya, hapa hapa Lubumbashi, hakujali. Kila wimbo aliuita wa shetani. Kwetu alifuata nini, sijui. Nilimwonya, akaniita Yezebeli. Nikamtoa.

Kesho yake Clovis, muumini wake, akatuwekea sauti ya pasteur: "Ule mwenye alifukuza Neno ya Mungu, kilio itaingia mu nyumba yake mbele ya dimanche." Yaani kabla ya Jumapili kwangu kutakuwa na msiba.

Nilicheka, kisha nikahesabu tuliomo nyumbani. Tangu binti yetu Exaucée aolewe, nyumbani tumebaki mimi na mume wangu Faustin, na Faustin anaendesha lori mgodini hapa Ruashi.

Jumamosi hakurudi saa ya kawaida. Simu za madereva huachwa getini, kwa hiyo yake iliita bure. Kwa woga nikauliza katika grupu kama kuna aliyemwona. Mmoja akajibu, "Courage, mama." Wa pili akaona hiyo courage, jipe moyo anayoambiwa mfiwa, akaandika pole. Wa tatu akaweka mshumaa. Mara ikaja picha ya Faustin, chini yake "Paix à son âme", roho yake ipumzike kwa amani. Hakuna aliyeuliza nani kasema amekufa. Niliandika kwamba sina habari yoyote, wangoje. Wakajibu kwamba ni uchungu unanisemesha.

Jirani yetu Annie, naye wa grupu, alishaita mtaa mzima. Wamama wakaingia na vitenge viunoni, wakatoa viti nje, wakaanza kulia. Nami nikalia. Mumeo akililiwa na watu wote hao, utasimamaje kusema yu hai? Niliogopa hata kulitaja jina lake.

Jioni Faustin akatokea, vumbi hadi kwenye kope. Mwenzake wa zamu alichelewa, naye akabaki kazini. Nilidhani watamkumbatia. Wakarudi nyuma, mmoja akakimbia. Kabla sijamshika mkono, Annie alikuwa ameshaandika katika grupu kwamba marehemu amerudi, na Clovis akajibu kwamba pasteur alifunga na kuomba, Mungu kamfufua. Grupu zima likaitikia amina.

Nilimwonyesha Faustin nikitaka acheke, maana wachungaji wote huwacheka. Alisoma, akasoma tena, akaketi kwenye kiti kimoja cha msiba wake.

"Umurudishe ule pasteur, Mama Exaucée," alisema. "Miye sitaki kufa mara ya pili."

Nilimrudisha. Pasteur hakusalimu mtu. Aliandika tu kwamba anataka kuwa admin, nami nikampa.