Maji ya Bibi Wilma

Dada yangu Delvene alichora kisima cha bibi yetu kabla hajakitia machoni. Turubai la kuchorea lilitandazwa sakafuni kwenye kituo cha sanaa cha kijiji chetu cha jangwani, mbwa wawili wakilinusa, na yeye kasimama kando akijiona ameshafika. Lori la kuchukua picha za maonyesho ya mjini lilikuwa linakuja Ijumaa, na hiyo ingekuwa picha yake ya kwanza kusafiri pamoja na za akina mama wa kituo. Kilichobaki ni bibi kukubali tu, maana kisima ni cha ukoo wake, na bila neno lake hakuna wa kukichora.

Bibi Wilma akaketi chini, akaliinamia duara la buluu ambalo Delvene alilichora kuwa ndiyo maji.

"Nani kakwambia maji yapo hapa?"

"Nimeangalia kwenye simu, Bibi. Picha ya setilaiti. Inaonyesha mpaka miti."

"Ahaa. Na hiyo simu yako ishawahi kunywa maji ya huko?"

Wanawake waliokuwa wakichora waliangua kicheko, kopo la rangi likapinduka. Delvene akanuna. Mimi nilicheka kuwazidi wote, na kwa kosa hilo nikapewa kazi ya kuendesha gari.

"Hii haiendi popote," bibi alisema. "Kwanza maji yakujue."

Kesho yake tuliondoka asubuhi kwenda kisimani. Bibi alikaa mbele akiimba, na kila shimo la barabarani alinikemea kana kwamba nimelichimba mimi. Tulipokaribia alinisimamisha mbali, akashuka, akapaza sauti kuelekea vilimani, kwa wazee waliotangulia.

"Wazee wangu! Ni mimi, Wilma! Nimewaletea mjukuu. Msimtishe, mwoga huyu, kichwa chake tu ndicho kigumu!"

Delvene alikwenda moja kwa moja kwenye sehemu nyeupe aliyoiona simuni akadhani ni maji. Alikuta udongo mkavu uliopasukapasuka. Bibi alimwacha ahangaike kidogo, kisha akamwita chini ya mkaratusi uliopinda, mahali pasipo na lolote ila mchanga.

"Chimba."

Akachimba kwa mikono mpaka mkono wote ukazama. Mchanga ukalowa, halafu maji yakaanza kujaa taratibu, ya baridi. Bibi akayajaza kinywani, akampulizia Delvene kichwani ili maji yamjue. Dada yangu, asiyelia hata misibani, akalia.

Ijumaa lori lilifika Delvene akiwa bado amepiga magoti juu ya turubai, akiichora picha upya. Bibi akaja, akaketi, akatafuta. Aliona mchanga mwekundu na mchanga wa manjano, nukta juu ya nukta.

"Mbona sioni maji?"

"Yapo, Bibi. Nimeyachora kwanza, yote. Kisha nikayafukia."

Bibi alipitisha kiganja juu ya turubai bila kuligusa, rangi bado mbichi, akakisimamisha palepale ambapo ule mkaratusi uliopinda ungekuwepo. Delvene akatikisa kichwa kukubali. Bibi akacheka mpaka akajifuta machozi, kisha akamgeukia dereva wa lori.

"Haya, njoo uichukue. Na uibebe vizuri, usije ukanimwagia maji yangu."